Mchoraji wa Chumba cha Nyuma

Jina lake sasa liko magazetini, na anayelitaka atalipata huko. Kwetu, katika ploti ya mama yangu kule Mugutha, karibu na Ruiru, hakuna aliyelitumia. Watoto walimwita Mchoraji. Mama mboga wa pale langoni alimwita Mchoraji. Mama yangu, aliyempangisha chumba cha nyuma nikiwa bado shule ya msingi, alimwita Mchoraji hata siku alizokuwa amemkasirikia. Nami nitamwita hivyo hivyo.

Alikuwa mrefu na mwembamba, na alitembea ameinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayesikiliza kitu kilicho nyuma ya ukuta. Siku za kazi alivaa suruali moja tu ya kaki, ngumu kwa rangi iliyokaukia juu ya rangi. Lakini Jumapili ungedhani ni mtu mwingine. Shati limenyooshwa kwa pasi ya makaa, viatu vinang'aa, mkunjo wa suruali umesimama wima. Mama alimtania, "Mchoraji, leo ni harusi ya nani?" Naye alijibu kwa Kiswahili chake cha Bukavu ambacho Ruiru haikuwahi kukimaliza: "Mama, Mukongomani hawezi kutoka nje kama gunia. Batu wataniona."

Kwamba alitoka Bukavu, alisema waziwazi. Jinsi alivyotoka ndiyo iliyokuwa na ukungu. Mchungaji wetu aliambiwa kwamba alitembea kwa miguu mpaka viatu vikaisha. Mama mboga aliambiwa kwamba alipanda lori la nyanya. Mimi aliniambia alikuja akiwabebea wanamuziki magitaa yao, wakamwacha mpakani. Nilipokua nikamuuliza lipi lilikuwa kweli.

"Yote," alisema. "Kidogo kidogo."

Nilicheka. Wakati ule nilikuwa nacheka karibu kila alichosema.

Kazi yake ya kila siku ilikuwa kuta za watu. Kuanzia Ruiru mpaka Thika palikuwa na vichwa vya kinyozi alivyovichora, misuko ya saluni, chupa za soda, matairi ya mafundi wa pancha. Ng'ombe wake wa buchari ungewatambua popote, kwa sababu walikuwa na huzuni. Ng'ombe wa wachoraji wengine hutabasamu kana kwamba wanafurahia kuchinjwa. Wake walikutazama. Mwenye buchari mmoja karibu na soko alikuja kwetu amefura.

"Mchoraji, huyo ng'ombe ananiharibia biashara. Mtu akimwangalia machoni hataki tena nyama."

"Basi asimwangalie machoni."

"Si umpake tu kicheko kidogo? Kazi ya dakika mbili!"

"Ng'ombe hacheki, mzee. Wewe ndiye unacheka."

Hakumbadilisha. Yule mzee alitishia kuleta mtu mwingine, lakini watu walikuwa wameanza kupita pale makusudi kumtazama ng'ombe mwenye huzuni, na wakishafika walinunua nusu kilo. Ng'ombe akabaki.

Picha zake mwenyewe alizichora nyuma, mlango ukiwa wazi kwa ajili ya mwanga. Hakuwa na turubai za dukani. Alikwenda Thika kununua kitambaa cha marekani, akakivuta juu ya fremu ya mbao aliyoigongomea mwenyewe, akakipaka gundi ya mbao, halafu rangi nyeupe ya ukutani, tabaka baada ya tabaka. Harufu ya gundi ile ilikuwa harufu ya nyumbani kwetu sawa na harufu ya githeri. Picha zilisimama zimeegemea ukuta, nyuso zikiwa zimegeuziwa ndani. Hakupenda zitazamwe kabla hazijaisha, na kwa hesabu yake hakuna iliyokuwa imeisha.

Alipenda nyuso kuliko kitu chochote. Alizichukua popote na hakuomba. Mama mboga alikwenda Thika siku moja akarudi anapiga makofi kwa mshangao: alikuwa amejiona ukutani mwa saluni, amesukwa nywele ambazo maishani hakuwahi kusukwa. "Haiya! Mchoraji, uliniuliza?" Naye, bila haya, akamjibu kwamba uso ni wa yule anayeuona, kwa kuwa mwenyewe hauoni. Tulicheka sana siku hiyo. Mama mboga alicheka kutushinda sote, na kwa wiki nzima alimpa sukuma ya bure.

Alikuwa na mambo yaliyogongana hivyo. Mtu aliyeweza kukutazama mpaka ukajisikia umevuliwa nguo hakuwahi kukubali kuonekana akila. Sahani yake aliibeba ndani akafunga mlango. Aliwafukuza watoto waliogusa brashi zake kwa matusi ya Kifaransa, kisha jioni akawapikia wote uji kwenye sufuria kubwa la mama. Aliogopa polisi hata wakiwa ng'ambo ya barabara, lakini mkuu wa kituo alipotaka ukuta wake uchorwe bure, alimwambia usoni kwamba hachori bure kwa mtu mwenye mshahara.

Hofu yake ya polisi ilikuwa na sababu. Kuna mwaka walipita ploti kwa ploti wakiwatafuta wageni wasio na makaratasi, na ya kwake yalikuwa yamekwisha muda. Nilikuwa kidato cha kwanza. Walikuja asubuhi, vijana watatu wenye bunduki, na mmoja akauliza ni nani aliyelala kule nyuma. Mama alitoka jikoni mikono ikiwa na unga hadi kwenye viwiko. Alikuwa mwanamke mfupi, mjane, kitambaa kichwani kimefungwa mpaka kwenye nyusi. Akasimama katikati ya kijia cha kwenda nyuma.

"Huko ni kwa mtu wangu," akasema.

"Mtu wako vipi, mama? Mume?"

"Nimesema ni mtu wangu. Mkitaka kumchukua, nichukueni mimi kwanza, halafu muende mkaeleze kanisani mlinichukulia nini."

Walicheka, wakanung'unika, wakaenda ploti ya jirani. Mchoraji alikuwa nyuma ya mlango akisikia yote. Alipotoka, alijaribu kupiga magoti mbele yake, na mama akamwambia kwa ukali ainuke, unga unaganda.

Ndiyo maana nasema alikuwa wetu. Krismasi alikula kwetu, ingawa alienda na sahani yake chumbani. Nilipofaulu mtihani alinichorea kadi. Nilipopata kazi ya keshia Thika, yeye ndiye aliyenisindikiza siku ya kwanza, viatu vinang'aa, kana kwamba ni yeye aliyeajiriwa.

Kitu kimoja tu mama alimnyima. Kila mwaka, mvua zikianza na kazi za kuta zikipungua, alimwomba akae amchore. Kila mwaka mama alikataa.

"Kwani nyuso za wengine zimeisha?"

"Mama Nyambura, ni siku moja tu. Unakaa, mi nachora, unaendelea kuchambua maharagwe yako."

"Mimi si ng'ombe wa buchari. Sitaki kuangaliwa na watu nisiowajua."

Hakuwa anatania. Mama hakupenda hata kupigwa picha ya simu. Katika picha za harusi za shangazi zangu utamwona pembeni, ameshageuza uso. Alisema baba yangu, aliyeujua uso huo, amekufa, na Mungu hahitaji kukumbushwa.

Halafu mama akapata kansa.

Sitaki kueleza ugonjwa wenyewe. Alipoanza matibabu, nywele zilitoka, na pamoja nazo kitu kingine ambacho sijui nikiite nini, ule ukali wake wa kusimama njiani. Kazini hawakunipa ruhusa zaidi ya zile siku za mwanzo. Niliondoka alfajiri kwenda Thika na kurudi giza likiingia, na katikati hapo alikuwa Mchoraji. Hatukumwomba. Alileta kiti chake akakiweka kando ya kitanda, akaacha kuta za watu. Alimpikia uji mwepesi, akamgeuza, akamwaga beseni. Nilimkuta jioni moja akimpaka mama mafuta kichwani kwa vidole viwili, taratibu, kama anayegusa rangi ambayo haijakauka.

Hakuna mwingine aliyekiona kichwa kile. Shangazi zangu walipokuja kutoka Kalimoni, mama alinilazimisha nimfunge kitambaa kwanza, hata kama kukifunga kulimuumiza. Siku moja nilimpiga picha kwa simu amelala, kwa sababu alikuwa ametulia na niliogopa sitamwona tena hivyo. Alifumbua macho.

"Nyambura, toa hiyo."

"Ni yangu tu, maitũ. Sitaionyesha mtu."

"Toa nikiona."

Niliifuta mbele ya macho yake. Mchoraji alikuwa kwenye kiti chake, anasikia kila neno. Naye mama alimgeukia akamwambia, "Na wewe umesikia." Mchoraji akajibu, "Nimesikia, Mama."

Nimesikia, Mama. Hayo maneno nimeyageuza kichwani mara nyingi kuliko sala yoyote.

Tulimzika Kalimoni, kando ya baba. Mchoraji ndiye aliyeandika msalaba, herufi nyeupe zilizonyooka, na alilia kwa sauti mpaka wazee wakamshika mabega. Muda si mrefu baadaye alihama. Alisema hawezi kuupita mlango wa mama kila asubuhi. Nilimwelewa, maana mimi mwenyewe nilikuwa napita nimefumba macho. Alipata nyumba ndogo kwenye shamba la mtu huko Murera, na mara ya kwanza nilipomtembelea alikuwa na nafasi, mwanga, na kuku wa jirani wakiingia ndani. Tulikunywa chai. Picha zilikuwa zimegeukia ukuta kama kawaida.

Kisha mambo yake yakafunguka. Mama mmoja mwenye nyumba ya maonyesho Nairobi alimwona ng'ombe wa Ruiru, akauliza mchoraji yuko wapi, akafuatilia mpaka Murera. Nilifurahi. Nasema kweli, nilipomwona gazetini amevaa shati lake la Jumapili niliwaonyesha wenzangu wote kazini. "Huyu ni wetu," niliwaambia. "Huyu alikaa kwetu." Simu zake zilipungua, nikasema ni kazi. Maonyesho yake makubwa yalipofunguliwa hakunialika, nikasema amesahau, watu wakubwa ni wengi.

Binamu yangu anayefanya kazi Nairobi ndiye aliyenitumia ujumbe. Picha moja, na chini yake: *Nyambu, niaje. Si huyu ni mathe yako?*

Nilikwenda Jumamosi. Ilikuwa nyumba ya zamani yenye bustani na majani yaliyokatwa vizuri, kuta nyeupe ndani, watu wakizungumza polepole. Walikuwa wamempa mama ukuta mzima. Picha ilikuwa kubwa kuliko mlango.

Mama alikuwa kitandani. Kichwa kilikuwa wazi, na ile ngozi yake ilikuwa imegeuka rangi ya majivu. Gauni la kulalia lilikuwa limeteleza bega moja, na mfupa wa bega ulionekana. Mdomo ulikuwa umefunguka kidogo. Beseni lilikuwa sakafuni. Kitambaa chake, kile cha bluu chenye maua, kilining'inia kwenye ukingo wa kitanda, kimechorwa vizuri sana, kila ua. Alikuwa na muda wa kuchora kila ua. Kando kulikuwa na kikaratasi kilichosema *Mwenye Nyumba*, na kwenye kona ya kikaratasi alama nyekundu.

Mwanamume mmoja na mkewe walikuwa wamesimama mbele yake. Mume alisema ni nzito mno. Mke alisema, hapana, ina heshima. Wakamtazama mama kidogo, wakaenda kwenye picha nyingine.

Msichana wa pale alinijia kwa upole, nadhani kwa sababu nilikuwa nimesimama muda mrefu. Nikamuuliza huyu ni nani.

"Alikuwa amempangisha msanii nyumba," alisema. "Alikuwa mama mkali, lakini mwishowe hakuwa na mtu. Msanii ndiye aliyemuuguza peke yake mpaka akafa. Ni hadithi ya kugusa moyo, sivyo?"

"Hakuwa na mtu?"

"Ndivyo ilivyoandikwa." Akanionyesha maelezo ukutani.

"Na hii nyekundu?"

"Imeshauzwa. Inaenda ng'ambo maonyesho yakiisha."

Sikumwambia mimi ni nani. Aibu ilikuwa imenishika, kana kwamba ni mimi niliyelala pale bila nguo mbele ya watu. Nilitoka nikakaa kwenye nyasi mpaka askari wa lango akaniuliza kama ninangoja gari.

Nilikaa na jambo hilo mpaka mvua zikaisha. Nilipiga simu mara mbili nikakata kabla hajapokea. Wenzangu kazini waliniuliza mbona yule mtu wenu hayuko gazetini siku hizi, nikawaambia sijui. Halafu siku moja ya mapumziko nikaamka, nikavaa, nikaenda Murera.

Nyumba ilikuwa imeongezwa chumba, na madirisha makubwa. Yeye mwenyewe alikuwa nje kwenye stuli, anasugua brashi kwa sabuni. Amezeeka. Aliponiona hakuinuka, hakutabasamu. Aliweka brashi chini, moja moja.

"Umeiona," akasema.

"Nimeiona."

"Kaa, Nyambura."

"Sikai."

Alitazama mikono yake. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, na yote yakanipotea, likabaki moja.

"Alikukataza. Nilikuwa pale. Ulisema umesikia."

"Nilisikia."

"Basi?"

 Kisha akaniambia jambo ambalo katika miaka yote hakuwahi kumwambia yeyote wa ploti yetu, na sikuona akilipamba. Siku watu walipoikimbia Bukavu alimwacha mama yake mlangoni, akidhani anarudi jioni. Hakurudi. Hakuwa na picha yake hata moja. Mwanzoni aliuona uso wake kila alipofumba macho, kisha akawa anauona siku moja moja, kisha ukaenda kabisa.

"Mi nachora uso wa kila mutu," alisema. "Wa mama yangu haukuji. Nilipoona Mama Nyambura anaenda, niliogopa. Nilikuwa namchora akilala. Karatasi ndogo ndogo. Ilikuwa yangu tu, nakuapia, ilikuwa ya kubaki nayo."

Ningeweza kumsamehe hayo. Nataka ijulikane kwamba hapo, kwa dakika moja, nilikuwa karibu kukaa.

"Na kuuza?"

Aliokota brashi moja akaanza kuisugua upya.

"Nimekuuliza. Na kuuza?"

"Yule mama wa Nairobi alikuja akageuza picha zote. Akaiona hiyo. Akasema zingine ni nzuri, lakini bila hiyo hakuna maonyesho." Akaiweka brashi chini. "Nilikuwa nimechora ng'ombe za watu miaka yote, Nyambura. Miaka yote."

"Kwa hiyo ukampa mama yangu."

"Nikampa."

"Na ile ya kwamba hakuwa na mtu? Mimi nilikuwa nani? Nilikuwa nani pale, Mchoraji?"

"Hayo hayakutoka kwangu. Waliandika wao."

"Uliyasoma?"

"Niliyasoma."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Angalau hakunidanganya. Lakini mtu anaweza kusema kweli na bado akakuacha mikono mitupu. Nilimkumbusha siku ya polisi. Nilimwambia mama alisimama njiani kwa ajili yake, na kwamba yeye alikuwa na nafasi moja tu ya kusimama njiani kwa ajili ya mama, dhidi ya mwanamke mmoja asiye na bunduki, na akapisha. Alipokea hilo ameinamisha kichwa. Kuku walikuwa wakidonoa povu la sabuni miguuni pake na hakuwafukuza.

Akasema atanichorea nyingine. Amevaa kitambaa, ameketi, anachambua maharagwe. Bure, kubwa kama ile. Nikasema sitaki chochote kilichotoka mkononi mwake.

Niligeuka kuondoka. Nilikuwa nimeshafika kwenye ua aliponiita, si kwa sauti ya kuomba msamaha. Ilikuwa sauti nyingine, ya woga, kama ya mtoto anayengojea mtihani wake.

"Nyambura. Ulisimama mbele yake. Niambie tu. Ni yeye?"

Hapo ndipo nilipojua ninacho cha kumlipizia. Mimi ndiye pekee duniani aliyemwona mama bila kitambaa siku zile zaidi yake. Kama ningesema si yeye, umekosea, umechora mwanamke mwingine, angeamini, na angelala na hilo mpaka kufa. Neno lilikuwa mdomoni kabisa.

Lakini nilikuwa nimesimama mbele ya picha ile. Nilikuwa nimeuona ule mdomo uliofunguka kidogo, jinsi ulivyofunguka alipokuwa akitafuta pumzi ya kuniita. Kusema si yeye kungekuwa kumkana mama.

"Ni yeye," nikasema. "Na usikanyage tena Kalimoni."

Alifunika uso kwa mikono yake yenye sabuni. Sikungoja kuona zaidi. Nilishika njia ya vumbi kati ya mahindi na nyumba mpya ambazo hazijapakwa rangi.

Ni karibu mwaka sasa. Hajakanyaga Kalimoni, na mimi sijamtafuta. Picha ilikwenda, sijui nchi gani, sijui ukuta wa nani. Simuni sina picha hata moja ya mama ya siku zile, na uso wake umeanza kunipotea, kwanza macho, kisha ile sehemu ya mdomo. Nikitaka kumwona tena alivyokuwa, itabidi nigonge mlango wa mtu nisiyemjua, niombe kuingia.